Jua la Mpakani na Kamera ya Askari

Miongoni mwa vyombo vyote anavyokabidhiwa askari wa leo, hakuna kinachodhaniwa kuwa chepesi kama kamera. Bunduki hufundishwa kwa miezi, na redio ya mawasiliano kwa majuma; lakini kamera, kwa kuwa siku hizi imo ndani ya simu ya kila mtu, hudhaniwa kuwa haihitaji mafunzo yoyote. Askari huambiwa, "Piga picha," naye hupiga. Baadaye faili likifunguliwa huonekana kivuli cheusi chenye magurudumu mawili, anga jeupe kama karatasi, na mahali pa nambari pana mng'aro mtupu. Mwenye pikipiki iliyoibwa anasimama mbele ya meza akingoja kuthibitishiwa mali yake, na picha iliyopaswa kumsaidia haisemi neno.

Katika makala haya twataka kuzungumza na wenzetu wa jeshi na polisi, hasa wale wanaoanza, juu ya namna ya kupiga picha ya pikipiki penye mwanga mgumu wa nje. Tumechagua Busia na Tororo kwa sababu hapana mahali panapofaa zaidi kwa somo hili. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Uganda na mwingine Kenya, na katikati yake umepita mpaka. Hapo ndipo, katika miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli walipoanza kuwabeba abiria na mizigo yao kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, huku wakinadi "boda, boda!" Jina likakaa. Pikipiki zikaja baadaye kuchukua nafasi ya baiskeli, na leo neno hilo linatumika Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko. Pikipiki ndiyo farasi wa mpakani: hubeba mgonjwa, mwanafunzi, gunia la mahindi, na mara nyingine hubeba magendo. Askari wa zamu atakutana nayo kila siku, ikiwa nzima, ikiwa imepata ajali, au ikiwa imekamatwa.

UGUMU WA PIKIPIKI

Nyumba hupigwa picha kwa urahisi, kwa kuwa ina rangi moja au mbili na haiendi popote. Pikipiki si hivyo. Matairi yake ni meusi, injini imejaa vivuli, tangi la mafuta lang'aa kama kioo, na vyuma vilivyopakwa kromiamu hurudisha jua moja kwa moja machoni. Juu yake ameketi mtu mwenye kofia ngumu, na uso wake umo gizani chini ya ukingo wa kofia hiyo. Amevaa koti lenye mistari ya kuakisi. Chini yake ni moramu nyekundu, ambayo nayo hutupa mwanga mwekundu juu ya kila kitu kilicho karibu.

Jicho la binadamu laweza kuutazama mchanganyiko huo na kuona kila kitu, kwa sababu jicho hujirekebisha kila linapohama kutoka penye jua kwenda penye kivuli. Kamera haina uwezo huo. Yapaswa kuchagua. Ikichagua kuonyesha injini iliyomo kivulini, tangi na anga vitaungua kwa weupe. Ikichagua anga, injini itakuwa kama kipande cha mkaa. Simu za leo huchukua picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha ziwe moja ili kupunguza tofauti hiyo, lakini msaada huo una kikomo, tena pikipiki ikiwa inakwenda huleta picha yenye kingo mbilimbili. Kwa hiyo basi, ni mpigaji anayepaswa kuchagua, wala si chombo.

SAA YA UKUTANI NA SAA YA JUA

Katika chuo cha makadeti tulifunzwa kwamba ardhi husomwa kabla ya kukanyagwa. Mwanga nao ni ardhi ya mpiga picha, na yafaa usomwe vivyo hivyo.

Busia iko karibu sana na mstari wa Ikweta, chini ya nusu digrii upande wa kaskazini; Tororo iko kaskazini zaidi kidogo. Mahali kama hapa jua hupanda wima. Halitambai pembeni kwa muda mrefu kama lifanyavyo Ulaya, ambako vitabu vingi vya kufundishia picha vimeandikwa. Aidha, saa zetu za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, ilhali Busia iko karibu na 34. Kila digrii moja ni dakika nne. Matokeo yake ni kwamba jua la Busia halifiki utosini saa sita kamili mchana, bali karibu saa saba kasorobo, robo saa mbele au nyuma kulingana na miezi. Kwa sababu hiyohiyo jua huchomoza karibu saa 12 na dakika 40 asubuhi, na huzama karibu saa 12 na dakika 45 jioni. Askari aliyetoka Mombasa ataona kwamba adhuhuri ya Busia yachelewa kwa zaidi ya dakika 20 kuliko ile ya kwao.

Hesabu hiyo ina faida gani? Faida yake ni kwamba yatuambia saa ya kufanya kazi. Kuanzia jua kuchomoza hadi karibu saa 3 na dakika 40 asubuhi, na tena kuanzia karibu saa 9 na dakika 45 alasiri hadi machweo, jua liko upande, nalo huingia chini ya ukingo wa kofia, huimulika injini ubavuni na kuonyesha umbo la chombo. Katikati ya nyakati hizo jua liko juu: tangi lang'aa, lakini kila kilicho chini yake ni giza. Asiye na saa na atazame kivuli chake mwenyewe. Kivuli kikiwa kirefu kuliko kimo chako, mwanga ni mzuri. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, tafuta kivuli cha mti au cha jengo, uisogeze pikipiki humo. Na ifahamike kwamba machweo yetu ni mafupi: jua likishazama, mwanga wa kutosha hubaki kwa dakika 20 hivi tu.

MASHARIKI NA MAGHARIBI

Hivi karibuni, baada ya kupata idhini ya wakuu wa kituo, tulifuatana na koplo mmoja kijana ambaye hadi siku hiyo kamera yake ilikuwa ni simu tu. Tulimkabidhi kamera ya kawaida na kumwagiza atuletee picha za pikipiki zinazoingia Uganda asubuhi. Akasimama upande wa Uganda, akaelekeza lenzi barabarani, akapiga picha kumi. Zote zilikuwa nyeusi.

"Afande," alisema, "hii kamera ni mbovu."

"Kamera ni nzima, koplo," tukamjibu. "Kenya iko upande gani?"

Alifikiri kidogo, kisha akacheka. Kenya iko mashariki. Asubuhi, kila pikipiki inayotoka Kenya huja na jua mgongoni, na mpigaji aliyesimama Uganda hulitazama jua usoni. Jioni mambo hugeuka: anayesimama upande wa Kenya kuzitazama pikipiki zitokazo Uganda ndiye atakayepigwa na jua machoni. Ni kanuni ileile ya ulinzi ambayo kila askari anaijua, kwamba adui mwerevu huja na jua mgongoni mwake. Hapa askari ndiye anayepaswa kuwa mwerevu. Koplo alihamia ukingo wa barabara, akazingoja pikipiki zimpite kidogo, kisha akazipiga kutoka ubavuni. Rangi zikaonekana, na uso wa dereva ukaonekana pia.

KIPIMO KINACHODANGANYIKA

Kila kamera ina kipimo cha mwanga ndani yake. Kipimo hicho hakijui pikipiki wala ng'ombe. Kimeundwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha rangi ya kijivu. Ukikielekeza kwenye pikipiki nyeusi inayojaza picha nzima, kitadhani pana giza, nacho kitaongeza mwanga hadi weusi ugeuke kijivu na tangi liungue. Ukikielekeza kwenye pikipiki ndogo mbele ya anga jeupe, kitadhani pana mwanga mwingi mno, nacho kitapunguza hadi dereva awe kivuli. Dawa yake ni kupima mahali penye wastani: moramu iliyomulikwa na jua lilelile, au kiganja cha mkono wako. Katika simu nyingi, bonyeza kidole juu ya sehemu unayotaka ionekane na usikiondoe mpaka kipimo kijifunge, ndipo upige.

Wako wanaotumia kamera isiyo na kipimo, au ambayo kipimo chake kimekufa. Kwao iko kanuni ya wazee wa kazi hii. Siku ya jua kali lisilo na wingu, weka tundu la lenzi kwenye f/16, na mwendo wa kilango uwe sawa na wepesi wa filamu: ikiwa filamu ni ya 100, kilango kifunguke kwa sehemu 1/100 ya sekunde, au 1/125 ambayo ndiyo iliyo karibu katika kamera nyingi. Ukiingia kivulini, fungua tundu kwa ngazi tatu au nne, yaani f/5.6 au f/4. Kila ngazi huzidisha mwanga mara mbili.

Yafaa pia kukumbuka tofauti moja. Filamu ya negativu husamehe mwanga ukizidi, lakini haisamehi ukipungua. Kamera za leo zisizotumia filamu ni kinyume: giza laweza kuokolewa kwa kiasi, bali mahali palipoungua kwa weupe hapana kitu cha kuokoa. Kwa hiyo, mwenye kamera ya kisasa atakapotia shaka, heri apunguze mwanga kidogo kuliko kuuzidisha.

Uso uliomo chini ya kofia una tiba mbili. Ya kwanza ni taa ya kamera, hata wakati wa jua la adhuhuri. Wengi hushangaa kuona mpiga picha akiwasha taa mchana, lakini taa hiyo ndiyo inayojaza kivuli. Ya pili haina gharama: mtu mmoja ashike karatasi kubwa nyeupe au shuka jeupe mbele ya dereva, chini kidogo ya kifua, ili mwanga wa jua urudi usoni. Ama mng'aro wa tangi na wa kioo waweza kupunguzwa kwa kichujio cha mng'aro kinachozungushwa mbele ya lenzi. Lakini kichujio hicho hakiwezi kuondoa mng'aro wa kromiamu tupu. Kwa kromiamu, hama hatua mbili kushoto au kulia. Pembe ikibadilika, mng'aro huondoka.

PIKIPIKI IENDAYO

Hapa hesabu ndogo itatufaa. Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde. Kilango cha kamera kikifunguka kwa 1/125 ya sekunde, pikipiki itakuwa imesogea sentimita 8 kabla hakijafungwa. Nambari yake haitasomeka. Kwa 1/1000, itakuwa imesogea sentimita moja tu. Kwa hiyo anayetaka nambari ya chombo kinachopita mbele yake achague mwendo wa 1/1000 au zaidi, na ikiwezekana apige chombo kikiwa kinamjia au kinamwacha kwa mshazari, ambapo kusogea huonekana kidogo.

Iko njia nyingine, inayofaa kwa picha za magazeti na maonyesho kuliko za ushahidi. Weka 1/60 au 1/30, simama imara, geuza kiuno pamoja na pikipiki kama mlenga shabaha anayefuata ndege, bonyeza ukiwa bado wageuka, wala usisimame baada ya kubonyeza. Ukifaulu, pikipiki itakuwa wazi na miti ya nyuma itakuwa mistari. Koplo wetu alijaribu njia hii nje ya mji wa Tororo mara 20, na picha 3 zikafaa. Kwa anayeanza, hiyo si haba.

NAMBARI ZA INJINI NA CHESISI

Sasa tumefika kwenye shabaha ya somo letu. Mwizi wa pikipiki hubadilisha kibao cha nambari kwa dakika chache, na mpaka ukiwa karibu, chombo chaweza kulala nchi nyingine usiku uleule. Kinachobaki kumtambulisha mwenye mali ni nambari zilizogongwa kwenye chuma: ile ya injini, na ile ya chesisi, ambayo kwa kawaida hugongwa kwenye shingo ya fremu karibu na usukani. Kuzipiga picha nambari hizi ni kazi ya mwanga kabisa.

Nambari iliyogongwa haina rangi yake. Ni bonde dogo ndani ya chuma. Ukiimulika kutoka mbele, mabonde yote hujaa mwanga na nambari hupotea. Ukiimulika kutoka pembeni kabisa, mwanga ukilamba uso wa chuma, kila bonde huwa na kivuli chake na nambari husimama wazi. Kwa hiyo zima taa ya kamera, itie pikipiki kivulini, mwambie mwenzako ashike kurunzi ubavuni, karibu igusane na chuma, na aisogeze polepole hadi nambari itokeze. Futa vumbi kwa kitambaa laini. Usikwangue kwa kisu wala msasa, kwani mkwaruzo wako utadhaniwa kuwa mkwaruzo wa mwizi. Weka rula pembeni. Kisha piga picha ya pili kutoka mbali kidogo, ionyeshe nambari hiyo iko sehemu gani ya pikipiki, na ya tatu ionyeshe pikipiki nzima. Nambari peke yake, bila pikipiki yake, ni nambari tu.

Kibao cha nambari nacho kina hila yake. Kimetengenezwa kurudisha mwanga kule ulikotoka, ili kionekane usiku kwa taa za magari. Ukisimama mbele yake na kuwasha taa ya kamera, mwanga wote hukurudia na kibao huwa cheupe kitupu. Simama kwa mshazari, au usiwashe taa. Hali kadhalika mistari ya makoti ya kuakisi.

Na rangi je? Chini ya taa za manjano za barabarani, pikipiki ya buluu yaweza kuonekana nyeusi, na jua la machweo huifanya nyeupe ionekane kama ya machungwa. Anayeandika katika taarifa kwamba chombo ni cheusi kwa sababu picha yasema hivyo, aweza kumkosesha mwenye mali haki yake. Weka karatasi nyeupe ndani ya picha moja. Mtazamaji akiona karatasi imegeuka manjano, atajua kwamba rangi nyingine nazo zimegeuka.

MAWINGU YA TORORO

Tororo ni mji wa radi. Vitabu vya hali ya hewa huutaja miongoni mwa mahali penye ngurumo nyingi kabisa duniani, takribani siku 251 kwa mwaka. Askari wa Tororo atauona mwanga ukibadilika mara nyingi kwa siku moja: jua kali, kisha wingu zito, kisha jua tena. Anayeanza huliogopa wingu, kumbe wingu ni rafiki. Wingu jeupe lililotanda ni kama shuka lililotandazwa mbele ya jua: vivuli hulainika, mng'aro hupungua, injini yaonekana hadi ndani. Kwa kazi ya ushahidi hapana mwanga bora kuliko huo. Na jua likitoboa kutoka upande mmoja huku wingu jeusi likiwa nyuma ya Jiwe la Tororo, pikipiki iliyo mbele hung'aa dhidi ya weusi huo, na hapo mpiga picha wa gazeti hupata picha nzuri bila jasho jingi. Lakini ngurumo ikianza, ondoka uwanjani. Hapana picha yenye thamani ya roho ya askari.

Vumbi nalo lisisahauliwe. Malori ya mpakani hulitimua, na vumbi likiwa kati yako na jua huwa pazia jeupe. Livute subira litulie, au lipe jua mgongo. Futa lenzi kila mara. Alama moja ya kidole juu ya lenzi ya simu yatosha kuutawanya mwanga wa jua picha nzima.

MPAKA WA KAMERA YENYEWE

Kujua kupiga si ruhusa ya kupiga popote. Vituo vya mpakani vina amri zake. Busia, ambako tangu Februari 2018 kituo cha huduma za pamoja cha Uganda na Kenya kilifunguliwa rasmi na marais wa nchi hizo mbili, ni mahali pa maofisa wa mataifa mawili, na idhini hutangulia kamera. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali na saa ilipopigwa. Kwa ushahidi jambo hilo ni msaada. Kwa picha ya kambi iliyotumwa kwa rafiki, ni siri iliyotoka. Picha ya asili ihifadhiwe bila kuguswa, na marekebisho yafanywe kwenye nakala, ili mahakama isitie shaka. Na aliyeumia au kufa katika ajali ya boda boda ni mtoto wa mtu. Picha yake ni ya faili, si ya kupitishwa simu hadi simu.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya wenye vipaji. Tunamkumbuka Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizotangazwa na BBC mwezi Oktoba 1984, ziliuamsha ulimwengu. Mwaka 1991 alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa. Akatiwa mkono wa bandia na kurudi kazini, hadi alipokufa katika ajali ya ndege iliyotekwa mwezi Novemba 1996. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kipaji kilikuwapo, lakini kazi ilikitangulia.

Basi twawaachia wenzetu zoezi moja. Chukueni pikipiki moja ya kituo, muiweke mahali pamoja penye uwazi, muipige picha kila baada ya saa moja tangu macheo hadi machweo, kutoka pande nne. Andikeni saa na upande nyuma ya kila picha au katika daftari. Jioni zipangeni mezani kwa mfuatano, na kila askari wa zamu azitazame. Jua litakuwa limewafundisha kwa siku moja, bila ada. Na siku mwananchi atakapokuja kuulizia pikipiki yake, faili litafunguliwa, nambari itasomeka, naye atarudi nyumbani akiwa na mali yake.